Naomba ushauri: mawe ya mgodi wa Kilembe yanamomonyoka

Ndugu wanajamii, nawasalimu kwa heshima. Marehemu babu yangu alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, hapa Kasese, Uganda, uliozalisha kati ya 1956 na 1982, na mawe aliyotuachia natamani sana kuwaonyesha wanafunzi wangu, ambao wanayajua mabaki ya reli lakini hawajawahi kuyaona madini yaliyoifikisha huku. Moja, la manjano ya dhahabu, linakwaruzika kwa kisu, kwa hiyo naamini ni kalkopiriti, yaani mbale ya shaba. La pili limepauka na kisu hakiliwezi. Nalichukulia kuwa piriti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo Kilembe hubeba metali ya kobalti. La tatu, la hudhurungi, huvutwa na sumaku, nadhani ni pirotiti, nayo pia ni madini ya chuma na salfa.

Haya mawili ya mwisho yanatoa unga mweupe wenye harufu ya kiberiti, na karatasi niliyoyafungia imelika hadi kutoboka. Nimeyasugua kwa brashi kavu na kuyaanika juani, lakini unga hurudi kila msimu wa mvua.

Je, niyahifadhi vipi ili yasiendelee kumomonyoka? Na je, ni salama watoto kuyashika kwa mikono mitupu?