Amitriptilini siku ya tisa: ulimi mkavu, usingizi kwenye daladala. Nivumilie au niache?

MwalimuChaki
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa msingi, miaka 34, nipo Dar. Mwezi uliopita nilianza kulia bila sababu, usingizi unakata saa nane usiku na haurudi hadi adhana. Nikaenda hospitali, daktari akasema ni sonona, akaniandikia amitriptilini miligramu 25. Maelezo niliyopata dirishani ni "kimoja usiku", kwa kalamu, juu ya bahasha ya kaki. Basi.

Leo siku ya tisa. Ulimi una ukakasi kama nimetoka kula mabibo, nikisomea watoto imla maneno yananata. Choo siku ya tatu sijakiona. Nikinyanyuka kitandani haraka chumba kinazunguka. Juzi nimepanda gari Mwenge nishuke Makonde, nikaja kuamshwa na konda Tegeta kwa Ndevu. Na huzuni iko palepale! Sasa natibiwa au naongezewa ugonjwa? Wifi kaiona bahasha, kasema hizo ni dawa za vichaa.

Kifaru Mtulivu
Dada achana na hayo madawa. Mlonge kutwa mara mbili, na maombi.

BintiPangani
Mkuu usimpoteze mwenzio. Mimi nilikuwa nimefika miligramu 75, mwezi wa nane nikajiona mzima, nikaacha Ijumaa. Jumapili natapika, kichwa kinagonga, usingizi hakuna, na nikisinzia kidogo ni ndoto za kukimbizwa. Nikarudishiwa dozi, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, safari hiyo sikusikia kitu. Kusali nilikuwa nasali, na kidonge nameza.

Babu Sukari
Dawa ya vichaa? Mimi nina kisukari, miguu inawaka moto usiku, napewa hiyohiyo. Mwambie wifi aje anitazame kama naokota makopo.

Mfamasia wa Zamu
Pole Mwalimu. Uliyoyataja yanajulikana. Dawa hii inazuia pia kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini, na hiyo ndiyo inayoamuru mate yatoke na utumbo usukume. Ndiyo maana kinywa na choo vimegoma kwa pamoja. Kunywa maji, kula papai na mboga. Kizunguzungu ni presha kushuka unaposimama: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili. Usingizi wa mchana kwa wengi hupungua mwili ukizoea. Muulize daktari kama unaweza kumeza saa moja usiku badala ya saa nne.

Kinachowakatisha watu tamaa ni mpangilio wake. Maudhi yanaanza siku ya kwanza, nafuu ya moyo inakuja wiki ya pili hadi ya nne, wengine ya sita. Wewe umeshalipa nauli, mzigo haujafika.

Ila mkojo ukigoma, moyo ukienda mbio, ukizimia, jicho likiuma ghafla na kuona ukungu, au yakija mawazo ya kujidhuru, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, na usiachwe peke yako. Hayo mawazo vijana ndio wa kuangaliwa zaidi wiki za mwanzo. Marekani walitoa onyo hilo kuhusu watoto wanaomeza dawa za sonona mwaka 2004, mwaka 2007 wakalisogeza hadi umri wa miaka 24. Na bahasha iweke mbali na watoto, vidonge vichache tu vya hii vinaweza kuua mtoto.

Swali: kuna dawa nyingine unameza? Hata ya kununua, hata ya kuchemsha.

MwalimuChaki
Hapana... labda ya mgongo. Tangu tusahihishe mitihani shoga yangu ananigawia tramado, mara mbili tatu kwa wiki. Siku ile ya Tegeta nilikuwa nimemeza. Daktari hakuuliza, na mimi sikuona kama ni dawa ya kutaja.

Mfamasia wa Zamu
Basi hapo ndipo penye shida. Zote mbili zinalewesha, zote zinaweza kuleta degedege, na zikikutana zinaweza kupandisha kemikali ya ubongo iitwayo serotonini kupita kiasi: jasho, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Ukiona hivyo usisubiri kukuche. Usimeze tena hiyo ya shoga. Kesho beba vyote, ukavimwage mezani kwa daktari.

BintiPangani
Na shoga naye aulizwe anaitoa wapi 😅

MwalimuChaki
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nilikwenda. Daktari alinipima presha nimekaa, akanipima tena nimesimama, akasema imeshuka lakini si ya kutisha. Tramado imekatazwa, mgongo napewa parasetamo na mazoezi. Amitriptilini ileile, sasa nameza saa moja. Kinywa bado kikavu, natembea na chupa ya maji mpaka watoto wameniita Mama Chupa. Usingizi sasa unafika saa kumi na moja. Kulia, nimelia mara moja tu wiki hii, na safari hii nilikuwa na sababu.

Babu Sukari
Wifi je?

MwalimuChaki
Ameniomba nimuulizie, naye halali.