Maktaba yetu Moshi: vijana wako TikTok, sisi tunaposti picha za mgeni rasmi. Naombeni ushauri

Binti wa Majengo
Wakuu, habari za jioni.

Najitolea kwenye maktaba ndogo ya jamii hapa Moshi. Vitabu tunavyo, viti vipo, umeme si haba. Asubuhi wanakuja wazee wa magazeti, jioni watoto wa shule ya msingi. Hawa wa katikati, kidato cha kwanza mpaka cha nne, tunawaona Oktoba tu, mtihani ukishafika mlangoni. Wanakuja na madaftari yao, wanagombania viti vya karibu na soketi, simu zikijaa wanaondoka. Rafu hawaigusi.

Sasa kamati imeamua tuingie mitandaoni "tuwafuate vijana waliko". Kazi nimeangushiwa mimi, eti ndiye kijana (nina watoto wawili, ila sawa). Ukurasa wa Facebook ulikuwepo tangu zamani. Ukiufungua unakutana na mgeni rasmi akipokea boksi la vitabu, mgeni rasmi akisaini kitabu cha wageni, mgeni rasmi na kamati nzima wamejipanga kama picha ya harusi, halafu tangazo la "Karibuni nyote". Wanaolaiki ni wanakamati na shemeji zao.

Twende wapi: TikTok, Instagram au grupu la WhatsApp? Tuposti nini? Mwenyekiti TikTok hataki hata kuisikia, anasema ni ya kukatia mauno. Na wazazi je? Povu nitalivumilia, ila nipeni na la maana.

Nawasilisha.

Mangi Kiboriloni
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee, siti ya mbele.

Mzee wa Hoja
Kizazi hiki hakisomi. Hata muwafuate chumbani. Mnachoma bando la maktaba bure.

Chalii wa Ngarenaro
Mzee wa Hoja shikamoo, ila tunasoma sana tu, ni vile hamtuoni tukisoma.

Dada, mimi nimemaliza form four juzi juzi, nikuambie ukweli. Hakuna chalii anayefolo maktaba. Tunafolo watu. Yule wa darasani kwetu anayejua kusimulia tamthiliya ya fasihi kwa sauti za wahusika wote, baba mkali, mama analia, mjumbe wa nyumba kumi, huyo akiweka klipu ya dakika moja naiangalia mpaka mwisho na naishea. Mkiweka ninyi "Kusoma ni hazina", naisogeza kwa kidole kabla haijafunguka.

Kingine, kurasa za maktaba nilizowahi kuingia hazisemi mnafungua saa ngapi, Jumamosi mpo au hampo, kuingia ni bei gani. Nitoe hela ya boda kutoka Ngarenaro nije kusalimiana na kufuli?

Mama Wawili Rau
Mimi nitaongea kama mzazi. Grupu la WhatsApp USITHUBUTU. Binti yangu aliwekwa kwenye grupu la tuisheni, ndani kuna watu wa kila aina. Namba ya mtoto inaonekana na kila mtu. Haikupita wiki, saa nne usiku simu inaita, mwanaume mzima anajitambulisha "ni mwanagrupu mwenzako". Na simu yenyewe ni yangu, mtoto anaazima. Nilimjibu vizuri tu, hatarudia.

Fundi Kodi
Mama Wawili yuko sahihi. Binti, tumia chaneli ya WhatsApp, ilikuja 2023. Kule anayefuata hawezi kuona namba ya mfuasi mwenzake, na ya msimamizi nayo haionekani. Unatangaza, wanasoma, yameisha. Mtoto anayeazima simu ya mama naye anaipata bila kufungua akaunti popote.

Kuhusu TikTok: umri wa kuanzia ni miaka 13. Aliye chini ya 16 hana ujumbe wa faragha, na klipu yake haipendekezwi kwa watu wasiomjua. Kwa hiyo hata mtoto wa kidato cha pili akitengeneza kitu kikali kwenye akaunti yake, kitaishia kwa rafiki zake. Kikipandishwa kwenye akaunti ya maktaba ndiyo kinasafiri.

Ila kabla sura ya mtoto haijapanda, saini ya mzazi iwe kwenye faili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023. Rahisi zaidi: piga mikono na kitabu, sauti inasimulia, sura haipo. Majina ya shule na sare navyo visionekane.

Mkutubi wa Sakina
Nimefanya kazi hii miaka mingi, niseme mawili.

Hofu ya mwenyekiti wenu si ngeni. Marekani mwaka 2006, enzi za mtandao wa kijamii wa MySpace, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuzilazimisha shule na maktaba zinazopata ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya intaneti zifungie watoto mitandao ya kijamii. Kura 410 kwa 15! Seneti haikuupitisha, ukafa. Wakutubi waliupinga kwa hoja moja nzito: mtoto ambaye nyumbani hana kompyuta, maktaba ndiyo sehemu pekee ya kujifunza mambo hayo akiwa na mtu mzima karibu. Mpelekee mwenyekiti hoja hiyo, usimpelekee klipu za kucheza.

La pili namuunga mkono Chalii. Maktaba ya Umma ya Brooklyn, New York, mwaka 2022 ilianza kuwapa vijana wa miaka 13 hadi 21, popote walipo Marekani, kadi ya bure ya kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa sababu vitabu vilikuwa vinaondolewa kwenye rafu za shule. Njia mojawapo ya kuomba ilikuwa kuandika kwenye akaunti ya Instagram inayoendeshwa na vijana wenyewe wa maktaba hiyo. Si ya mkurugenzi, si ya kitengo cha habari. Kijana alikuwa anamwandikia kijana mwenzake.

Kwa hiyo tafuta watano au sita kati ya hao wa kwenye soketi. Wape kazi. Wachague vitabu, waandike maneno, warekodi. Wewe shika nywila pamoja na mtu mzima mwingine mmoja, na komenti zisomwe kabla hazijaonekana. Mkianza kuwasahihisha kila neno liwe la heshima, watawaachia ukurasa wenu.

Mwalimu wa Zamu
Mnasahau kitu. Wanafunzi wengi hawaruhusiwi simu shuleni, na wa bweni ndiyo kabisa. Ukiposti Machi unaongea na ukuta. Nguvu weka likizo ya Juni na Desemba, na wikiendi kwa wa kutwa.

Cha kuposti kipo tele. Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo: swali gani lilifanywa vibaya, wengi walikosea wapi, hadi nakala za majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa. Ni bure na wanafunzi karibu wote hawajui. Swali moja kila Ijumaa, klipu ya dakika moja, mwisho unasema kitabu kinachojibu kipo rafu ipi. Taasisi ya Elimu nayo ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, wasaidieni kuifungua kwenye kompyuta yenu.

Chalii wa Ngarenaro
Mwalimu nakuheshimu, lakini ikiwa mtihani mtihani mtihani, Novemba ikiisha tunaunfolo wote. Shule ipo ya kutosha. Maktaba ituletee na hadithi za kutisha, mpira, jinsi ya kutengeneza biti za muziki. Kama mna kile kitabu kilichochanika kurasa za mwisho, kila mtu anauliza kiliishaje, wekeni shindano la kukimalizia. Mimi mwenyewe nitaingia.

Mwalimu wa Zamu
Na nani atamweleza mzazi kwamba mwanae yuko maktaba anatengeneza biti?

Mama Wawili Rau
Mwalimu, bora biti maktaba kuliko pale kijiweni kwenye pool.

Binti wa Majengo
Nimesoma zote, asanteni sana. Saa za kufungua nimeziweka leo leo, Chalii umeniumbua. Chaneli nafungua kesho, fomu za wazazi naandika kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja. Swali la Ijumaa na shindano la kumalizia kitabu vyote vinaingia, mtagombana wenyewe kipi kinapata watu.

Mwenyekiti nimempigia, nimempa hoja ya Mkutubi. Kakubali TikTok mpaka mwisho wa likizo ya Juni kisha tutathmini, kwa sharti mgeni rasmi naye awe na klipu yake. Hapo nimekwama. Nimfanyeje mheshimiwa apendeze kwa sekunde thelathini?

Mangi Kiboriloni
Mpe kile kitabu kilichochanika asome kwa sauti, akifika ukurasa uliokosekana mkate hapo hapo. Watamtafuta.