Naombeni ushauri: nimeitwa shule, binti na michoro yake ya kompyuta

BabaKisauni
Assalaam aleikum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote.

Nina binti yuko Gredi ya 8, shule ya serikali huku Kisauni, Mombasa. Mwalimu wake wa darasa, ambaye ndiye wa hesabu, ameniandikia: "Mzazi, tafadhali tuonane. Alama zimeshuka na daftari limejaa michoro." Basi, hakuongeza neno.

Tangu ami yake ampe laptopu kuukuu, mtoto hana habari na kingine. Anatumia Scratch, ile programu ya bure ya watoto (hata ukiigeuza kwa Kiswahili inakubali). Anachora majahazi yanaingia Bandari ya Kale, Fort Jesus kwa nyuma, na yanakwenda kweli. Juzi kakesha kwa sababu tanga lilikuwa likimfunika nahodha.

Mamake anataka laptopu ifungiwe kabatini. Mimi naona kuna kitu hapo, ila mimi ni mtu wa kazi za bandarini, mbele ya mwalimu nitaonekana namtetea mwanangu tu. Nianzeje mazungumzo?

MamaMahamri
Waleikum salaam. Mimi niko na mamake. Wangu alianza vivyo hivyo, "nachora mama, nachora", ukichungulia yuko kwenye gemu ya mpira. Funga mpaka mitihani iishe. Mwalimu akikuita ujue ameshavumilia vya kutosha.

TicherTudor
Mama Mahamri, la kuvumilia umesema kweli. Nafundisha hesabu sekondari msingi, kwa hivyo naomba niseme kwa upande wetu.

Baba, usimvizie mwalimu langoni, na usilipeleke jambo hili kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mapumziko ndiyo saa yake ya kusahihisha daftari, na daftari zenyewe ni mlima. Muulize ana nafasi lini, akupe saa yake.

Siku hiyo nenda na binti na hiyo laptopu. Usianze na "mwanangu ana kipaji", tunaambiwa hivyo na kila mzazi mpaka masikio yamekufa ganzi. Mwambie binti afungue jahazi lake, aeleze alivyolisogeza. Jukwaa la Scratch, yaani pale picha zinapotembea, lina upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati. Jahazi likitoka ukingo wa kulia kwenda wa kushoto, linaanzia 240 linaishia hasi 240. Maana yake usiku mtoto anapanga namba hasi bila kusukumwa na mtu, kisha asubuhi darasani ananiandikia -5 + 3 = -8! Mimi ningekuwa huyo mwalimu ningetaka sana kulijua hilo. Muulizeni pamoja: mbona kule anaweza na huku hawezi?

Ila alama usizidharau. Tathmini za shule za Gredi ya 7 na ya 8 zinachangia asilimia 20 katika kupangiwa sekondari ya juu. Mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, KPSEA, una 20 nyingine, na ule wa Gredi ya 9, KJSEA, ndio wenye 60. Mwaka huu si wa kupitisha tu.

BabaKisauni
Shukran sana mwalimu. Swali moja. Jirani ananiambia nisihangaike, akichagua mkondo wa Sanaa na Michezo huko Gredi ya 10 ataachana na hesabu kabisa. Ni kweli?

TicherTudor
La. Hesabu ni ya lazima mikondo yote mitatu. Wa sayansi wana yao nzito, wa sanaa na wa sayansi za jamii wana iliyo nyepesi kidogo. Kuikwepa haiwezekani.

FundiMabango
Na hata ikiwezekana, kazi yenyewe itakudai. Mimi nachora matatu na tuktuk hapa Majengo. Mteja analeta picha ndogo kama kiganja, anaitaka ijae ubavu wa gari. Nagawa mraba kwa mraba, nazidisha. Nikikosea mraba mmoja, simba anatoka na uso wa punda na pesa silipwi.

Kakangu, siku za likizo mpeleke binti pale Swahilipot, kile kituo cha vijana karibu na Fort Jesus. Aone vijana wa sanaa na wa kompyuta wakikaa pamoja. Nami nikipewa laptopu na ami nisingelala pia, tusidanganyane.

MamaMahamri
Haya, mmenizidi kwa wingi. Lakini mtoto wa Gredi ya 8 kukesha kwa ajili ya tanga, hilo mwalimu akiuliza mtajibu nini? Saa tatu usiku laptopu izimwe, ikae chumbani kwa mamake. Uende na jibu hilo mfukoni, baba, usiende kuomba tu.

BabaKisauni
Hapo na mamake tutaelewana. Mwalimu amenijibu sasa hivi: Jumatano saa tisa, baada ya vipindi. Nimemwomba tuje na laptopu, akasema sawa, lakini ije na chaji, soketi ya afisi ya walimu imeharibika.

TicherTudor
Hiyo soketi ni ya shule zote! Scratch iwekeni kwenye laptopu yenyewe mapema, inafanya kazi bila intaneti. Msitegemee bando.