Mama aliambiwa kinga yake ni kali mno, sasa aambiwa imeshuka. Tushike lipi?

BintiFaza:
Assalamu alaykum wanabaraza. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana kisa chenyewe kimepinda.

Mamangu ana miaka 61, akaa Faza, kisiwani Pate huko Lamu. Tangu 2012 ana vidonda vya utumbo mpana, ile kolaitisi ya kuharisha damu. Kabla ya hapo alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa hasadi pia, mpaka alipotiwa kamera Mombasa ndipo ikajulikana. Daktari akatuambia kinga yake mwenyewe ndiyo inayomla utumbo, akamwandikia dawa za kuituliza. Sisi tukaishi hivyo miaka yote: kinga ya mama ni kali, ilazwe.

Mwaka jana mwishoni damu ikarudi, akakonda. Kamera tena: saratani ya utumbo. Akapasuliwa, akaanza kemo (dawa kali za kuua saratani), dripu siku moja kisha vidonge wiki mbili, na kila wiki ya tatu arudi. Raundi mbili zilipita salama. Juzi tumetoka Faza alfajiri kwa boti, Mokowe tukapanda basi, Mombasa tukafika tumevunjika viuno. Asubuhi akatolewa damu, tukaambiwa: chembe nyeupe zimeshuka, zile ziitwazo neutrofili ziko 0.8, rudini wiki ijayo. Safari yote ile kwa sentensi moja.

Sasa nyumbani hakukaliki. Ami ameleta unga wa "kuongeza kinga" wa shilingi 4,500 na ataka mama apigwe hijama. Khalati asema habasoda na asali zatosha. Mimi nina swali la kitoto: kinga iliyokuwa nyingi hata ikamletea maradhi, imekuwaje chache? Na nikimpa cha kuiongeza, si ndiyo nauamsha ule ugonjwa wa kwanza?

Mla_Mbaazi:
Pole. Aache sukari kabisa, saratani yala sukari. Na majani ya mrongo (moringa) asubuhi na jioni.

MamaSalo wa Malindi:
Mla_Mbaazi, mgonjwa amekonda na wewe wamnyang'anya uji wake mtamu? Mwacheni ale.

BintiFaza, mimi niko Shela (yetu ya Malindi, si yenu ya Amu, yaani Lamu). Mume wangu alikuwa na saratani ya umio. Nakwambia lililonipata. Siku ya 10 baada ya dripu alipata homa usiku. Nikampa panadoli, nikamfunika, nikasema tutaona asubuhi. Asubuhi hajui hata jina langu. Alilazwa siku tisa, akapewa antibiotiki za mshipa, na muuguzi akaniambia wazi: mtu wa kemo homa yake haingojei kupambazuka.

Basi nunua themomita leo. Ikisoma 38 au zaidi, hospitali, hata kama asema hajambo. Usimpe panadoli kwanza, yaficha homa. Na usimpime kwa njia ya haja kubwa, ukimchubua pale umefungua mlango.

Jambo jingine, kwenu kuna bahari katikati. Ule mlango wa bahari wa Mkanda ukikauka usiku, boti yapita wapi? Siku zile chembe zinapokuwa chini kabisa, takriban ya 7 hadi ya 14, mimi ningemhamishia Amu mjini, karibu na hospitali, kuliko kumwacha Faza na kuomba maji yajae.

Hadubini:
Mimi ni mtu wa maabara, hizo chembe ndizo naziangalia kutwa. Swali lako si la kitoto, dada, hata wagonjwa waliosoma huliuliza.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Tunasema "kinga" kama maji ya mtungi: yamejaa, yamepungua, tia mengine. Kinga ni watu wengi wa kazi mbalimbali. Neutrofili ni kama vibarua wa gatini. Wanatoka kwenye uboho wa mifupa, kwa mtu mzima kama bilioni 100 kila siku, wanafanya kazi kwa muda mfupi, wanakufa, wanakuja wengine. Seli T ni kama wazee wa mtaa: wachache, wanaishi miaka, wanakumbuka nani alifanya nini. Makrofeji wanakula taka na kufunga vidonda. Utumbo ndio mtaa wao mkubwa, maana chakula na vijidudu vyote vinapita hapo.

Kwenye kolaitisi, vibarua waliitwa gatini na hakuna shehena. Hawarudi kimya. Wanamwaga zile kemikali zao za kuulia vijidudu, ukuta wa utumbo unaungua, unapona, unaungua tena. Kila ukipona, seli za ukuta zinajinakili upya, na kemikali zile zile zinaharibu maandishi ya ndani ya seli. Miaka ikipita, makosa yanarundikana. Ndiyo sababu mwenye kolaitisi iliyoenea hutakiwa aanze kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya muda, akishatimiza kama miaka 8. Kuna aliyewaambia hilo?

Uvimbe nao ukishaota haukimbii kinga. Unaitumia. Makrofeji wanauona kama kidonda kisichopona, wanausaidia kupata mishipa ya damu. Seli T zinaingia, zinapigana, zinachoka, nyingine zinafungwa breki. Kwa hiyo ukitazama kipande cha utumbo kwenye hadubini utaona kinga tele, na saratani ipo katikati yake imetulia.

Halafu ikaja kemo. Kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho ni kiwanda kinachogawanya seli mchana na usiku. Ndipo neutrofili za kwenye damu zikashuka. Madaktari wako hawakupingana: wa kwanza alisema habari za utumboni, wa pili za kwenye damu.

Hiyo 0.8 ni neutrofili 800 kwa kila mikrolita. Vitabu vingi huweka mpaka wa chini kwenye 1,500 au 2,000, ingawa Waafrika wengi huwa nazo chini ya hapo na ni wazima kabisa. Tafuta karatasi ya damu ya kabla ya kemo ulinganishe. Chini ya 500 ndiyo hatari yenyewe.

Sasa nijibu wewe: zile dawa za zamani za kutuliza kinga, mama bado anameza? Zipi?

MzeeWaBarazani:
Mwanangu, mimi siyui za maabara. Lakini hijama ni sunna, wala msiifanyie mzaha. Nimepigwa mara ngapi na nafuu nimeiona.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Shikamoo mzee wangu. Hakuna anayeidharau. Lakini hijama ya kutoa damu ni kuchanja ngozi, na huyu mama hana vibarua wa kuja kufunga mlango ukishachanjwa. Na kemo hushusha pia chembe za kugandisha damu. Isubiri mpaka matibabu yaishe na daktari aridhie, sunna haikimbii. Haluli ya kuharisha na kupigwa bomba la tumbo navyo viwekwe kando.

Habasoda ya kunyunyiza kwenye mkate sina neno nayo. Huo unga wa 4,500 ndio sina imani nao: hujui kilichomo, na ini lina kazi ya kutosha. Hakuna unga unaotengeneza neutrofili. Ipo sindano, filgrastimu, inausukuma uboho, na ni daktari anayeamua kama anaihitaji.

Nyumbani: maji ya kisima na ya djabia (birika la mvua) yachemshwe, samaki na mayai viive, kachumbari ipumzike kwanza, maziwa mabichi hapana. Na wageni wa kumjulia hali, mwenye mafua atume salamu kwa simu. Najua kwetu ni vigumu kumrudisha mtu mlangoni. Mimi humweka kijana wa nyumba hapo nje, yeye ndiye anayelaumiwa.

Kijana_wa_Langoni:
Nimesoma kuna dawa za saratani zinazoamsha kinga badala ya sumu. Allison wa Marekani na Honjo wa Japani walipata Nobeli 2018 kwa hizo. Kwa nini mama asipewe?

Hadubini:
Swali zuri. Ndizo zinazofungua ile breki niliyoitaja. Kwa saratani ya utumbo zinafanya kazi vizuri kwenye kundi dogo tu, uvimbe ambao seli zake zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya kunakili. Kipande kilichopasuliwa kinaweza kupimwa, waulize. Lakini tazama hapa: moja ya madhara ya dawa hizo ni kolaitisi. Ukimfungulia breki mtu ambaye utumbo wake ulikuwa unakimbia bila breki tangu 2012, ni hesabu ya kupigwa na daktari wa saratani na wa utumbo wakiwa meza moja.

BintiFaza, bado nangoja jibu.

BintiFaza:
Nimechelewa kwa sababu niliinuka kwenda kutazama kwenye mkoba wa dawa. Ipo mesalazini, na ipo azathioprini. Anameza kila asubuhi, hajaacha hata siku moja. Nilipomuuliza akanambia, "Si niliambiwa nisiache maisha?" Kumbe kliniki ya kemo walimwuliza kama ana presha au sukari, akajibu hana. Vidonge vya tumbo hakuvihesabu kuwa dawa, vimekuwa kama chai.

Hadubini:
Azathioprini nayo inauzuia uboho. Uboho umepigwa na kemo huku na kidonge kule. Usimkatize mwenyewe, piga simu kliniki sasa hivi, uwasomee majina yote yaliyo mkobani. Na kama kuna prednisoloni humo, nayo ya kutuliza kinga, hiyo haikatwi ghafla kamwe.

BintiFaza:
Prednisoloni alimaliza zamani. Nimempata daktari saa kumi, amesema azathioprini isimamishwe, mesalazini aendelee nayo, na atazungumza na yule wa utumbo. Hakunigombeza, ila alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kile kimya nilikisikia.

MamaSalo wa Malindi:
Usijilaumu, mwanangu. Mimi wa panadoli nakwambia.

BintiFaza (siku tisa baadaye):
Wanabaraza, tumerudi kupima: 1.7. Dripu ya tatu amewekwa jana. Akishika kitu cha baridi vidole vinamchoma kama umeme, wamesema ni dawa yenyewe, basi maji ya friji tumeyaacha.

Tunalala Malindi kwa jamaa, kesho Mokowe. Atakaa kwa khalati Amu mpaka siku ya 15, themomita iko kwenye mkoba wangu. Ami ameukubali uamuzi wa hijama. Unga wake ameufungia kabatini, asema chembe zikipanda ataufungua, nami nimejibu inshallah na nikauomba ufunguo.