Adagietto ya Mahler kwa fidla na ganuni: mwendo gani, na ni msiba au mahaba?

Fidla_Mkunazini
Assalamu alaykum maalim zangu. Tuko 11: fidla 6, selo 2, besi, ganuni na akodiani. Viola hatuna, na kinubi ndo usiseme. Tunataka kupiga Adagietto, sehemu ya nne ya Simfoni ya 5 ya mtunzi Mahler. Kwenye noti pameandikwa "Sehr langsam", polepole sana, basi. Nambari ya metronomu (kifaa cha kupimia mwendo) hakuna, na kila rekodi ina mwendo wake. Nusu ya kundi wanasema kipande cha msiba, nusu cha mahaba. Tushike lipi? Na ganuni itaweza kazi ya kinubi?

Jaharka
Waalaykum salaam. Hesabu kwanza, mzozo baadaye. Vipimo ni 103, kila kimoja mapigo manne, yaani mapigo 412. Ukimaliza kwa dakika 8, wastani ni mapigo 51 kwa dakika. Kwa dakika 11 ni 37 tu. Wapo waliokivuta hadi karibu dakika 14, hapo huna hata mapigo 30. Sasa, kondakta Bruno Walter alikuwa msaidizi wa Mahler mwenyewe, na rekodi yake ya 1938 ni ya kama dakika 8. Mengelberg, kondakta sahibu wa Mahler, alitumia kama dakika 7 mwaka 1926. Na Mengelberg huyohuyo aliandika kwenye noti zake kuwa hii ni barua ya mapenzi ya Mahler kwa Alma, aliyekuja kuwa mkewe.

Wa mahaba wameshinda, kwa maoni yangu. Huzuni imepakwa baadaye: kondakta Bernstein alikipiga kwenye mazishi ya Robert Kennedy mwaka 1968, kisha Visconti akakitia kwenye filamu yake ya 1971, watu wakazoea kukisikia kama cha kuagana. Nyinyi wekeni metronomu kwenye 48 hadi 52 kujifunzia, halafu izimeni, kwani Mahler anataka mwendo uvute na uachie mara kwa mara. Ukiifuata metronomu mpaka mwisho utapata maiti kweli.

Funguo ni F meja. Wa taarabu wataisikia kama ajam, ile makamu ya kiarabu inayofanana na meja, iliyokaa kwenye F. Lakini mwanzo unaficha: zinasikika A na C, na hizo ni za F meja na za A maina pia. Fidla inapanda C, D, E, inaning'inia kwenye E, ndipo inaangukia F. Ile E ndiyo kipande chote. Iegemeeni, msiipite.

Risha_Mbili
Naongezea upande wa ganuni. Kinubi kinapiga kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) kwa vidole vingi pamoja, ganuni ina risha mbili tu za kudonolea nyuzi, kwa hiyo kila kodi ivunjwe kutoka chini kwenda juu, na noti ya chini ianguke juu ya pigo lenyewe, si kabla. Akianza mapema, besi na ganuni watagombana mpaka mwisho. Noti ambazo ganuni haizifikii kwa chini, besi azidonoe kwa kidole. Na ile tabia yetu ya kutetemesha risha ili sauti idumu, hapa marufuku. Sauti ife yenyewe.

Kosa kubwa ni mfungo wa nyuzi. Ganuni iliyotoka kwenye makamu ya rast ina E na B za robo sauti. Pandisha E iwe kamili, B ishuke iwe B flati, halafu zipimwe oktava zote moja moja, maana zile za juu husahaulika. Msimu wa masika ngozi iliyo chini ya daraja hunywa unyevu na kulegea, daraja linazama na sauti yote inashuka. Itoeni kwenye mkoba nusu saa kabla, ifungeni nyuzi, mngoje, kisha mzifunge tena.

Fidla_Mkunazini
Shukran. Pale katikati panapoingia flati sita, ganuni atafanyaje? Vile vibao vya kupandisha nyuzi atavigeuza saa ngapi?

Risha_Mbili
Hana haja. Sehemu ya kati, inapopita G flati meja, kinubi kinanyamaza. Aweke mikono mapajani na ahesabu. Kazi yake ni kuwa tayari F inaporudi, na hapo arudi kwa unyonge kabisa.

Jaharka
Sehemu hiyo ni mtihani wa fidla. Aliyefunga nyuzi G-D-G-D kiarabu arudi G-D-A-E, la sivyo vidole vitapotea. Gawanyeni hivi: fidla 3 za kwanza, 2 za pili, ya sita isome viola baada ya kuandikiwa upya kwa ufunguo wa fidla. Noti zilizo chini ya G ya waya wa nne azichukue selo wa pili. Akodiani pumzisheni. Sauti yake haipungui kama ya upinde, itaziba kila mnong'ono.

Kuhusu upinde: kwa mapigo 50, kipimo kimoja ni karibu sekunde 5, unakimudu kwa uta mmoja. Kwa mapigo 30 ni sekunde 8, na hapo ndipo fidla zinaanza kukwaruza au kukauka. Wa kundi moja wasigeuze upinde pamoja, wapokezane.

Kuteleza kwa kidole kati ya noti, ambako wapigaji wetu wanakujua vizuri, Mahler anakutaka, na kurudi F kutoka katikati kunateleza waziwazi. Ila mtelezo uwe mmoja kwa wote. Mapambo ya kila mtu na lake, yanayopendeza kwenye taarabu, hapa yatavuruga kodi.

Mwisho kuna kilele cha nguvu, kisha kodi inayokawia kutua. Besi ashike mpaka fidla ya mwisho itue, na asiondoe upinde kwenye waya kabla sauti haijakatika.