Mrejesho: ile boti ya faiba iliyokuwa nzito

Wakuu, salaam. Miezi minne iliyopita niliuliza kwa nini boti yangu ya faiba ya futi 16 inazama tezini (upande wa nyuma) hata ikiwa tupu, na sakafu inabonyea nikikanyaga. Wengi mlisema povu la chini ya sakafu, lile gumu la kusaidia boti ielee, limekunywa maji. Fundi mmoja mzee wa hapa Tanga naye akaniambia nisibishane, nitoboe tu.

Nikatoboa. Tundu la kwanza lilitoa maji ya kahawia yanayonuka majani yaliyooza. Nikakata sakafu yote kwa grenda. Povu la juu lilikuwa kavu kabisa, ila lile lililolala juu ya mkuku (uti wa chini wa boti) ukilikamua linatiririka kama sponji. Msidanganyike na ukavu wa juu! Povu hilo lilijaza mifuko sita mitupu ya saruji, na kila mmoja tuliubeba wawili.

Ubao wa tezi, pale inapofungwa mashine, uliliwa mpaka bisibisi inazama yote. Chanzo ni matundu ya bolti yaliyoachwa bila kuzibwa. Nimeweka plaiwudi mpya ya baharini, nikapaka epoksi (rezini ya kuzuia maji) pande zote na ndani ya kila tundu. Lakini kwanza ganda lilikaa wiki tatu chini ya turubai likikauka, maana rezini haishiki kwenye unyevu.

Jumamosi tumeishusha. Tezi imepanda karibu shubiri nzima. Asanteni sana, hasa mlionikataza kufunika faiba mpya juu ya uozo.