Mbwa anajitafuna, usiku hatulali

Mama Mapacha anaandika:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Katika yote niliyoonywa kabla ya kuja kuishi huku ugenini, hili la mbwa hakuna aliyenitajia. Watoto walilia mpaka tukamchukua mmoja, ana miaka minne. Sasa huu mwezi wa pili anajikuna na kujing'ata mgongoni karibu na mkia. Manyoya yamenyonyoka, ngozi imekuwa nyekundu na ina majimaji. Usiku nasikia tu mguu unavyogonga sakafu, du du du, kisha anaanza kujitafuna.

Nimeshambadilishia chakula mara tatu. Viroboto sidhani, maana nimemkagua sikuona hata mmoja, na nje baridi kali. Nataka kumpeleka kwa daktari wa mifugo, ila lugha ya hospitali bado inanipiga chenga. Niende nikaseme nini?

Mzee wa Zamu ya Usiku anajibu:

Marahaba mama, pole sana.

Hapo kwenye "sikuona hata mmoja" ndipo na mimi nilipopotea. Wa kwangu nilimhangaikia miezi, kila wiki chakula kipya, kumbe ni viroboto. Mbwa mwenye mzio na mate ya kiroboto hahitaji kuvamiwa na kundi. Akiumwa mara chache tu anawashwa siku kadhaa. Na kwa vile kutwa anajilamba na kujing'ata, wengine anawameza mwenyewe, wewe ukija kukagua hukuti kitu.

Baridi nayo isikudanganye. Ndani si unawasha hita? Mayai yanadondoka kutoka kwenye manyoya, yanaanguliwa kwenye zulia na mikunjo ya kochi, na pupa, yaani kiroboto ambaye bado hajakomaa, anaweza kukaa ndani ya kifuko chake miezi akingoja joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Walio wengi wako nyumbani kwako, si mwilini mwa mbwa.

Leo hii fanya hivi. Tafuta kitana chenye meno yaliyobanana, mchane kuanzia kiunoni hadi kwenye shina la mkia, ukipita pembeni ya kidonda. Kitakachotoka kikung'utie kwenye karatasi nyeupe ya jikoni uliyoilowesha. Ukiona vipunje vyeusi, subiri dakika moja mbili. Vumbi litabaki jeusi. Kinyesi cha kiroboto kinayeyuka na kuacha duara la rangi ya kutu, maana ni damu aliyoinyonya.

Msela wa Ghorofa ya Tano anajibu:

Mpake siki ya tufaha asubuhi na jioni. Wangu alipona ndani ya wiki, hakuna cha daktari wala nini.

Dada wa Kliniki anajibu:

Mdogo wangu wa siki, jipake kwanza wewe kwenye mchubuko halafu uje utuhadithie.

Mama Mapacha, mimi nafanya kazi ya kusaidia kwenye kliniki ya wanyama, si daktari, ila haya nayaona kila siku. Mzee kasema vizuri, nami naongeza kwamba *mahali* anapojikuna panasema mengi. Kiuno, shina la mkia na nyuma ya mapaja: anza na viroboto. Nyayo, kwapa, tumbo, uso na masikio: mara nyingi ni mzio wa chavua au wadudu wa vumbi, na huo kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Kingo za masikio na viwiko: fikiria utitiri wa upele, na hapo ulizia kama watoto nao wanawashwa, kwa sababu unahamia hadi kwa watu. Akilamba kiungo kimoja tu cha mguu, huenda hawashwi, anaumwa.

Kuhusu chakula, samahani dada, kubadilisha mara tatu ndani ya miezi miwili hakujakuonyesha chochote. Kupima mzio wa chakula ni kumpa mlo mmoja uliochaguliwa na daktari, wiki 8 au zaidi, bila kuonja kingine. Hata kile kipande ambacho watoto wanadondosha chini ya meza kwa bahati mbaya (tunawajua) kinaharibu kipimo. Akipoa, unamrudishia chakula cha zamani. Mwasho ukirudi, ndiyo umepata jibu. Vipimo vya damu au mate vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula haviaminiki, usipoteze hela.

Usimwogeshe siku mbili tatu kabla ya kwenda, utaosha kile tunachokitafuta. Daktari atabandika utepe wa gundi kwenye ngozi na kuutazama kwa darubini, kuona kama bakteria na fangasi wameshaingia. Kwa hayo majimaji unayoyasema, nahisi wameingia, na hao wana dawa yao. Akipewa sindano ya kutuliza akapoa, usihesabu kwamba umejua chanzo. Sindano hizo hutuliza mwasho wa aina nyingi.

Lugha isikutishe. Beba picha za simu zenye tarehe, majina ya vyakula vyote vitatu, na kila dawa uliyompa. Andika mwasho kwa namba, 0 hadi 10, mchana na usiku. Dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa.

Mama Mapacha anaandika:

Jamani. Karatasi imegeuka rangi ya kutu, madoa kama kumi na mbili hivi. Nimekaa chini nikaitazama tu.

Miadi ni keshokutwa. Na kuna kitu sikukitaja: tuna paka pia. Hajikuni, ndiyo maana sikumhesabu. Kuna dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni hapa, niwagawie wote wawili leo?

Dada wa Kliniki anajibu:

USIMGUSISHE PAKA DAWA YA MBWA. Baadhi yake zina permethrini, sumu ya wadudu, na hiyo inaua paka. Kama mmempaka mbwa tayari, watenganishe. Sema kwa daktari kwamba kuna paka, kila mmoja apewe yake siku hiyohiyo. Asiyejikuna ndiye anayewafuga bila nyinyi kujua.

Matandiko yote fua kwa nyuzi 60, mashine ya vumbi ipite hadi chini ya kochi, na dawa usiiache mwezi wa kwanza akianza kupoa. Nenda nayo miezi mitatu, pupa bado wapo zuliani.